Fundi rangi akikufuata nyumbani: mwongozo kamili kwa wenye magari wa Mbeya na nyanda za juu kusini

Mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, uani kwangu Uyole, nilimruhusu fundi apulize kliya, ule utando angavu wa juu unaoing'arisha rangi, kwenye fenda ya gari langu. Mimi nilikuwa na haraka ya kazini, yeye alikuwa na gari lingine linamsubiri Mbalizi. Msasa alikuwa ameupiga vizuri, rangi ililingana, mkono wake ulitulia. Kufika saa nne fenda nzima ilikuwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichohemewa. Tukaisugua, tukairudia juma lililofuata saa sita mchana. Fundi yuleyule, kopo lilelile, ikang'aa.

Kilichotuponza ni bati. Usiku wa kipupwe Mbeya mjini joto hushuka chini ya nyuzi 10, na gari lililolala nje linabaki baridi muda mrefu baada ya jua kutoka. Thina, kimiminika cha kulainishia rangi, inaporuka hewani inalipoza bati zaidi, unyevu wa hewani unatua juu ya kliya ambayo haijakauka, nao unanaswa humo ndani. Huo ndio weupe.

Watu wakitaka fundi wa kuja nyumbani huuliza mambo mawili: bei, na kama fundi ni mzuri. Yafaa kuuliza na la tatu, kama nyumba yenyewe ni nzuri. Gereji ina paa, sakafu na ukuta wa kuzuia upepo. Fundi anayeshuka kwenye kirikuu na kompresa, gani ya kupulizia na makopo yake hana kati ya hivyo hata kimoja. Anategemea uwanja wako, umeme wako na saa utakayompangia. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya mwenye gari, na ndiyo sehemu ambayo wengi hatuifanyi.

Soma jeraha kabla ya kupiga simu

Osha sehemu iliyoumia, ikauke, kisha pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo. Ukucha usipokwama, mkwaruzo umeishia kwenye kliya, na kazi hiyo haihitaji rangi. Kompaundi, ile krimu ya kusugulia, na polishi vinatosha. Kliya ya kiwandani ni nyembamba sana, kwa kawaida chini ya sehemu 6 za mia za milimita, kwa hiyo hata hapo usimwache mtu aisugue mpaka iishe.

Ukucha ukikwama lakini chini bado ni rangi, au ni kijivu cha praima, yaani rangi ya msingi, hiyo ni kazi halisi ya fundi wa kuja nyumbani. Ukiona bati linang'aa, fanya haraka. Ukiona kahawia ya kutu, fanya haraka zaidi, hasa kama gari linashinda Tukuyu, ambako mvua haina adabu ya kusubiri msimu.

Halafu kuna kubonyea. Bonde dogo la mviringo katikati ya mlango, rangi ikiwa haijapasuka, linaweza kusukumwa kutoka ndani au kuvutwa kwa gundi, rangi ya kiwandani ikabaki. Muulize fundi kama anaiweza njia hiyo kabla hajafungua kopo la puti ya kujazia mabonde. Bonde lililokaa kwenye kona ya paneli au kwenye mstari wa bodi ni habari nyingine: bati limevutika, na kulirudisha kunahitaji vifaa vya fundi bodi.

Kazi nyingine usimwitie mtu uani hata kidogo: paa zima au boneti nzima, paneli mbili au zaidi zinazopakana, kutu iliyotoboa, bampa iliyosogeza taa au kuharibu mahali inapofungwa, na gari lolote ambalo baada ya kugongwa linavuta upande mmoja. Peleka gereji. Na kama una bima kubwa na unafikiria kudai, toa taarifa kwanza, maana ukishaziba jeraha hakuna tena cha kukaguliwa. Mwenye bima ndogo hana haja ya kujiuliza hilo. Haigusi gari lake mwenyewe.

Vijitundu vya kokoto ni suala letu la kila siku. Ukifuata malori ya Tunduma kwenye barabara kuu, boneti inarudi na madoa kama ya tetekuwanga. Hayo fanya mwenyewe: kachupa ka rangi, kijiti cha meno, tone moja kwenye kila kitundu, likauke, urudie. Kumwita fundi na kompresa kwa vitundu vitano ni sawa na kukodi trekta kulima bustani ya mchicha.

Ijue rangi ya gari lako kwa namba

"Silva" si jina la rangi. "Nyeupe" ndiyo kabisa. Karibu kila gari lina kibati chenye namba ya rangi. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani kimefungwa ndani ya boneti, kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Nyingine kipo kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari wenye herufi C/TR au maneno COLOR na TRIM. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo ni rangi ya bodi, zinazofuata ni za ndani ya gari. Utakutana na 040, nyeupe ya kawaida, 070, nyeupe ya lulu, 1F7, silva, 202, nyeusi. Nissan nazo zina zake, kama QM1 kwa nyeupe na KH3 kwa nyeusi.

Namba hiyo ndiyo inayoamua ugumu wa kazi. Nyeupe ya 040 inasamehe makosa. Silva haisamehi, kwa sababu vipande vidogo vya metaliki hulala tofauti kadiri gani inavyoshikwa karibu au mbali, na rangi ikiwa mbichi sana hukusanyika mawingu mawingu. Nyeupe ya lulu inapigwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, lulu ya katikati, kliya juu. Pasi moja, yaani mpulizo mmoja, ya lulu ikizidi, bampa inageuka manjano ukiilinganisha na fenda. Mimi gari la lulu silipigii rangi uani. Wengine wamefanya wakafaulu, nawapongeza.

Namba ni mwanzo tu. Gari la miaka 15 lililoegeshwa juani Mafiati kila siku limepauka, na rangi iliyochanganywa kwa namba peke yake itatoka changa kuliko gari. Dawa yake ni rahisi: fungua kale kamlango kadogo ka tangi la mafuta, kanatoka kwa skrubu, ukapeleke kwenye duka la rangi lenye mashine ya kuchanganya ili walinganishe kwa macho. Kabla hujakafungua kasugue kwa kompaundi, wasije wakalinganisha rangi na vumbi. Kisha mwambie fundi apulize kipande cha bati au karatasi ngumu, akipige na kliya, kikauke, mkiweke juu ya gari nje mchana. Chini ya taa ya dukani rangi zote ni ndugu.

Jua kilichopo chini

Magari mengi tunayonunua mkononi yamekwisha kupakwa. Chukua sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, ifunge karatasi, upitishe kwenye bodi ya bati. Ikilegea mahali ambapo jirani yake imeshika, chini kuna puti nene. Bampa ni plastiki, sumaku haina habari nayo.

Kisha tafuta sehemu iliyojificha ya paneli iliyopakwa zamani, uisugue kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikitoka na kuchafua kitambaa kwa wingi, ile ni rangi ya kawaida inayokauka kwa thina kuruka tu. Ukiipulizia 2K, ile inayochanganywa na hadna, dawa ya kuikaza, juu yake, thina mpya inaweza kuitafuna ya chini na uso wote ukajikunja kama maziwa yaliyogandia juu ya sufuria. Fundi akijua mapema ataiondoa, au ataizuia kwa praima inayofaa. Asipojua, mtajua wote pamoja, fedha ikiwa imeshatumika.

Kumpima fundi

Usiridhike na picha za simu. Picha za gari lililopakwa jana zote ni nzuri. Omba kuona gari alilolipaka kabla ya masika yaliyopita. Pitisha kidole kwenye ukingo wa paneli: ukihisi ngazi ya tepu, hakuimaliza. Angalia mpira wa dirisha na mpira wa mlango: ukiona vumbi la rangi, hafuniki vizuri, na lako atalifanya vivyo hivyo.

Kisha muulize maswali matatu, kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza.

La kwanza: "Fundi, puti unaisugua kavu au kwa maji?" Niliwahi kujibiwa, "Kwa maji mzee, inalainika haraka." Ni kweli inalainika. Ila puti inanyonya maji kama mkate, maji yanalifikia bati, na baada ya miezi kadhaa unaona malengelenge. Puti isuguliwe kavu. Maji yaingie baadaye, kwenye praima iliyoiziba puti yote.

La pili: "Kliya ni ya 2K?" Ya 2K inachanganywa na hadna, mara nyingi vipimo viwili vya kliya kwa kimoja cha hadna, kama kopo linavyosema. Inakauka kwa kemikali, inakuwa ngumu, inavumilia petroli na jua. Ile isiyo na hadna ni nafuu na inakauka upesi, lakini hupauka mapema, na petroli ikimwagika inaacha doa. Kwa bodi ya gari, chagua 2K. Na aipime kwa kikombe chenye mistari. Fundi anayekadiria kwa jicho anakadiria gari lako.

La tatu ndilo linalofichua wengi: "Kliya utaishia wapi?" Rangi inaweza kufifishwa katikati ya paneli, lakini kliya ipigwe paneli nzima, mpaka kwenye ukingo au kwenye mstari wa bodi. Anayesema atapiga kiduara kidogo palepale kwenye mkwaruzo anakuuzia kivuli. Baada ya mwaka mmoja juani ukingo wa kiduara unaanza kuonekana na kubanduka.

Angalia pia barakoa yake. Hadna ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na akishaizoea vibaya, hata harufu kidogo inambana kifua. Leso puani haizuii kitu. Anahitaji angalau barakoa yenye vichujio vya mkaa. Kijana akija bila hiyo, ama aitafute ama kazi isimame. Najua hapo wengine wataniona mkorofi.

Makubaliano

Andikeni kwenye meseji: paneli zipi, nani ananunua vifaa, siku ngapi, na rangi ikibanduka atairudia ndani ya muda gani. Bei hupangwa kwa paneli, na nyeupe ya lulu au metaliki huwa juu kuliko nyeupe ya kawaida, kwa haki kabisa. Mimi hupenda kununua vifaa mwenyewe, fundi akiwa pembeni. Bampa moja huwa inatosheka na kama nusu lita ya rangi iliyokwisha kuchanganywa tayari kupulizwa, kwa hiyo anayekutajia lita mbili muulize nyingine ni ya nani. Vifaa vinalipwa mwanzo, mkono wa fundi unalipwa baada ya ukaguzi. Piga picha gari lote kabla hajaligusa. Inawaepusha nyote wawili na maneno.

Hii yote ni kwa rangi ileile ya gari. Ukitaka kuligeuza jeupe liwe jeusi, kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko hayo yanapitia TRA kwanza.

Siku, saa na uwanja

Hapa ndipo nyanda za juu zinapotofautiana na Dar, na hapa nitakaa kidogo.

Rangi za 2K zimetengenezwa kwa joto la kama nyuzi 20. Chini ya hapo zinachelewa. Zikifika karibu na 10 baadhi huacha kabisa kuendelea kukauka mpaka joto lirudi. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, siku ya kupiga rangi Mbeya ni fupi. Maandalizi yafanyike hata asubuhi, lakini gani isiguse gari kabla ya saa tano. Liegeshe ubavu unaopakwa ukiangalia jua tangu asubuhi, na kabla ya kupuliza weka kiganja kwenye bati: liwe na uvuguvugu mdogo, kama chupa ya chai iliyosahauliwa. Kisha lisogeze kivulini au kingeni jua, maana bati la moto nalo hukausha rangi kabla haijatandaa. Pasi ya mwisho ya kliya iwe imekamilika saa nane, ili ipate masaa matatu ya joto kabla baridi ya Mlima Loleza haijashuka.

Mwezi wa nane hadi wa kumi tatizo linahamia kwenye upepo na vumbi. Mchana vile vimbunga vidogo vya vumbi vinazunguka viwanjani, na ukiwa karibu na barabara kuu inakopanuliwa hali ni mbaya zaidi. Tafuta saa nne hadi saa sita, kabla upepo haujakolea. Nyunyizia uwanja maji saa moja kabla, kiasi cha kulaza vumbi. Ukiacha madimbwi umeleta unyevu mwingine.

Masika yakianza, kuanzia kama Novemba, asubuhi huwa nyeupe na alasiri inapasuka kwa ngurumo. Kazi yote ya kupuliza iishe mchana. Na mvua za kwanza zinatoa kumbikumbi jioni. Nimeona boneti nyeusi Soweto ya hapa Mbeya iliyotua kumbikumbi zaidi ya 30 kwenye kliya mbichi, mbawa zikibaki humo kama mapambo. Mwenye gari alicheka siku iliyofuata. Siku ileile hakucheka.

Iringa mjini iko juu ya kilima na upepo wake unajulikana, hivyo uani penye ukuta panashinda uwanja wa wazi hata kama ni padogo. Njombe na Makete ukungu unaweza kukaa mpaka karibu na mchana. Huko, kipindi cha kipupwe, mimi ningeshauri gereji yenye chumba kilichofungwa, au usubiri Septemba. Kyela ni kinyume chake, joto na unyevu wa ziwa, na thina inayotumika Uyole huko inaruka haraka mno.

Kuhusu baridi, fundi atakwambia anaongeza "ya haraka". Mwulize haraka ipi. Hadna ya haraka kwenye kliya ni sawa, ipo kwa ajili hiyo. Thina ya haraka sana kwenye hewa yenye ubaridi na unyevu ndiyo inayoleta ule weupe niliousimulia. Na hadna ya puti asiizidishe kwa sababu ya baridi: kipimo chake ni kama sehemu 2 au 3 kwa mia. Ikizidi, kemikali yake hupanda na kutoa doa kwenye rangi ya juu, na hakuna polishi inayoliondoa.

Uwanja wenyewe: ondoa nguo kwenye kamba, funga kuku, ondoa gari la jirani. Vumbi la rangi linasafiri mbali kuliko unavyodhani, na likilala juu ya kioo cha mtu ni ugomvi. Usipigie rangi chini ya mparachichi wala mkaratusi. Jiko la mkaa na sigara viwe mbali, maana mvuke wa thina unawaka. Kuna mtindo wa kuingiza majiko ya mkaa bandani kulipasha gari moto. Bandani palipofungwa, penye thina na moshi wa mkaa, panaweza kuua kwa njia mbili. Taa kubwa ya umeme, umbali wa nusu mita au zaidi na baada ya mvuke kuisha, inafanya kazi hiyo. Watoto na mwenye pumu wahame mpaka harufu iishe.

Umeme: kompresa ya kilowati moja na nusu hula yuniti moja na nusu kwa kila saa inayozunguka. Tazama LUKU kabla, isije ikakata katikati ya pasi ya kliya. Waya wa kuunganishia uwe mnene. Waya mwembamba mrefu unachemka na kompresa inakohoa.

Siku moja kabla, gari lioshwe kwa sabuni na maji peke yake. Waambie vijana wa kuosha magari wasipake ile ya kung'arisha matairi wala dashibodi. Ina silikoni, na chembe zake zikifika kwenye paneli, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, macho ya samaki.

Kazi ikiendelea

Huhitaji kusimama begani kwake, mafundi hawapendi na wana haki. Kuna sehemu tano tu za kurudi kuangalia.

Kabla ya msasa wowote, paneli ifutwe kwa kiondoa mafuta. Petroli si kiondoa mafuta, inaacha mafuta yake.

Puti ikiwekwa, iwe nyembamba, milimita mbili au tatu mwisho. Bonde kubwa linyooshwe kwanza. Msasa huanza mkali, namba 80 au 120, kisha 180, kisha 320. Baada ya praima, namba 400 hadi 600, mpaka mkono ukipita na macho yamefumbwa usihisi mpaka. Fumba kweli, macho hudanganya kwenye praima ya kijivu. Mahali kliya mpya itakapopanda juu ya ile ya zamani paguswe kwa msasa 800 au 1000. Rangi haishiki kwenye uso unaong'aa.

Bampa ya plastiki ina masharti yake. Penye plastiki tupu lazima praima ya plastiki itangulie, pasi nyembamba. Bila hiyo rangi itaonekana safi kwa miezi miwili, kisha siku moja maji ya presha yatainyanyua kama ganda la kitunguu. Puti ya bati haifai hapo, ni ngumu na bampa inapinda. Ipo puti yake. Bajaji za Kabwe zikikukwaruza bampa kila wiki utakuwa mtaalamu wa jambo hili bila kupenda.

Kufunika: taa, vioo, matairi na paneli za jirani, kwa maskintepu na karatasi safi. Magazeti ya zamani yana vumbi na wino wake unaweza kulainishwa na thina.

Kisha pasi. Rangi ya chini pasi mbili au tatu nyembamba, kila moja iachwe mpaka ififie kabla ya nyingine, dakika 10 hivi, na kwenye baridi zaidi. Kliya pasi mbili: ya kwanza nyepesi, ya pili imelowa. Haraka yoyote hapa inaonekana kesho yake.

Ukaguzi, kisha subira

Usilipe jioni. Kliya mbichi inang'aa hata ikiwa mbaya. Subiri asubuhi, umande ukauke, uchuchumae na kuangalia paneli kwa kuilalia, ukitafuta picha ya mti au ukuta ndani yake. Picha ikivunjika mawimbi, puti haikunyooka. Uso ukiwa kama ganda la chungwa, linganisha na paneli ya jirani. Rangi ya kiwandani nayo ina ganda kidogo, na anayedai kioo kitupu anadai zaidi ya kiwanda. Vumbi mbilimbili na machozi yaliyotiririka vinasahihishika kwa msasa wa 1500 na 2000 kisha polishi. Rangi kutolingana haisahihishiki kwa polishi.

Polishi hiyo isifanywe siku ileile. Kwenye joto la kutosha siku inayofuata inawezekana; kwa kipupwe chetu mpe siku mbili au tatu, jaribu kwa ukucha mahali pasipoonekana.

Faida kubwa ya fundi wa nyumbani inaonekana sasa: gari liko kwako, halina sababu ya kutoka. Lilale humo humo, usilifunike kwa kitambaa cha gari kwa sababu kitaacha alama. Wiki ya kwanza maji tu, bila brashi wala presha. Kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo kwa maji mengi. Waksi isubiri mwezi, ili mvuke uliobaki ndani ya rangi upate njia ya kutokea.

Rangi iliyobaki ni yako, umeilipia. Imimine kwenye chupa ndogo ya kioo ijae karibu na mdomo, funga sana, andika namba na tarehe, iweke mahali pasipo jua na mbali na watoto. Hadna iliyofunguliwa usiitunze. Inakula unyevu wa hewani, na ukiona imeanza kuwa na ukungu ndani ya kopo imekwisha. Chupa yangu ya 1F7 iko kabatini, na mwezi uliopita ilinitosha kuziba kovu la bajaji pale Mwanjelwa, kwa kijiti cha meno, bila kumpigia mtu simu.